Vyuma Nilivyokata Kwenye Chura

Vijana wangu mnaofungua mashine za majini kule bandarini, nimesikia mnanicheka kwamba mzee Dezire akipita karibu na boti yenye pampu lazima ainame achungulie chini yake. Chekeni tu. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wenu nilicheka kila kitu. Nilisoma hadi darasa la sita, basi, lakini kwa kuota hakuna aliyenishinda Bujumbura nzima. Niliota nitatengeneza boti itakayotoka hapa hadi Kigoma kabla uji haujapoa. Kwa hiyo leo nawaandikia habari za boti moja ya wakati wa vita, na habari za woga, maana spana mtazijua hata nisipowafundisha.

Boti yenyewe ililetwa juu ya lori, imelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa. Ilikuwa ya bati la alumini, imetumika miaka mingi kuwatembeza watalii, na wamisionari wenye zahanati ya kusini waliichukua kwa sababu barabara ya kando ya ziwa ilikuwa imeshakuwa ya kuviziwa. Magari yalikuwa yakichomwa. Dawa ziliweza kwenda kwa maji tu, na wagonjwa waliweza kuja kwa maji tu. Haikuwa na panga nje kama boti nyingine. Inanyonya maji kupitia tundu la tumboni, ndani mna feni tuliyoiita elisi, na elisi inayatupa maji kwa nguvu nyuma. Ukiona inavyoanza kwa kuruka utajua kwa nini watu waliiita Chura.

Fundi aliyeitiwa kazi ile ni marehemu mzee Saidi wa mtaa wa Buyenzi. Mimi nilikuwa nimekimbia mtaa wetu wa Carama na gunia moja la nguo, na alinipa kona ya kulala nyuma ya karakana yake. Hakuniuliza mimi ni wa nani wala nimetoka upande gani. Aliniuliza kama najua kutofautisha spana ya kumi na mbili na ya kumi na tatu kwa kuishika tu, macho yamefumbwa. Nilikosea, nikakiri kwamba nilibahatisha tu. Akasema, "Uongo hauna. Kesho asubuhi anza."

Chura ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Mashine inaunguruma mpaka mbwa wanakimbia, lakini boti inatambaa. Mimi kwa ujuaji wangu nikashika mashine. Wiki nzima nilisafisha njia za mafuta, nikabadilisha chujio, nikarekebisha vali. Nikaiwasha. Kelele ziliongezeka, mwendo ule ule. Mzee Saidi alikuwa ameketi juu ya ndoo akila embe.

"Umemaliza, muheshimiwa?"

"Bado kidogo, muzee."

"We unatibu mutu kichwa, naye anaumwa tumbo. Kuja hapa."

Akanishika mkono, akauingiza kwenye tundu la pampu, akaniambia nipapase kati ya ncha ya elisi na pete ya chuma inayoizunguka. Kidole changu kidogo kilipita bila shida. Mchanga wa miaka mingi ulikuwa umeila ile pete.

"Maji inaingia hapa, inarudi hapa. Inakuchezea," akasema. "Hapo inatakiwa kadi ya simu ipite kwa kusukumwa. Vidole vikipita, unasafirisha kelele."

Kadi aliyonipa ya kupimia, ya simu ya kukwangua, niliibeba mfukoni miaka na miaka. Tulichonga pete mpya kwenye mashine ya kukerezea. Kisha elisi yenyewe: makali yake ya mbele yalikuwa butu kama kijiko, yamepigwa na kokoto. Tuliyanoa kwa tupa bapa, polepole, kila jani sawa na mwenzake, tukaiweka juu ya visu viwili vilivyosimamishwa ili kuona jani lipi linashuka kwa uzito. Linaloshuka ndilo la kupunguza. Siku tatu. Mimi nilitaka kumaliza kwa saa moja.

Na jambo jingine ambalo nyinyi hamlitafuti: hewa. Pampu ikimeza hewa inatoa sauti kama mchanga unaokaangwa. Mzee Saidi alinifunika kwa turubai chini ya boti, yeye akiwa ndani na tochi, na popote nilipoona nuru ikipenya kati ya pampu na bati nikapiga alama ya chaki. Tulipaka gundi kwenye alama zote. Betri tukaisogeza mbele ili boti iinue tumbo mapema. Chura ikaanza kuruka kweli.

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa hii. Juu ya pampu kuna kifuniko chenye nati nne za masikio, za kufungua kwa vidole. Kitu kikinaswa, unafungua, unaingiza mkono hadi begani. Sasa fikiria mtu mwingine awashe mashine wakati mkono wako umo. Kwa hiyo mzee Saidi aliamuru: anayeingiza mkono ndiye anayeshika ufunguo wa mashine, na anaushika kwa meno. Usiweke mfukoni, maana mfuko unasahaulika. Usimpe mtu, hata mama yako.

"Mukono mu pampu, ufunguo mu meno," alisema, na yeye alikuwa na vidole vinne kwenye mkono wa kushoto, kwa hiyo hatukumwuliza sababu.

Ufunguo wa Chura ulikuwa umefungwa kibao cha shaba, mzito, una ladha ya senti za zamani. Hadi leo nikiwa na homa naisikia ladha ile.

Nahodha wetu alikuwa kapiteni Melkiori, mvuvi wa zamani wa Ruziba, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Rozari yake ilikuwa imezungushwa kwenye usukani. Muuguzi alikuwa mama Odetta, mwembamba, mkali, ambaye aliweza kukutukana na kukufunga bandeji kwa wakati mmoja. Mimi nilisafiri nao kama fundi wa ndani. Kusini ya Ruziba kuna mahali ambapo vilima vinashuka hadi barabarani, na barabara inashuka karibu iguse maji, na huko vilimani walikaa watu wenye bunduki. Wa upande gani, siku nyingine hatukujua. Risasi haijitambulishi. Kukwepa mbali sana katikati ya ziwa hatukuruhusiwa. Askari wa doria majini walisema atakayeonekana huko watamhesabu kuwa adui. Basi tulipita katikati ya hofu mbili, jua likiwaka, tunaonekana kama nzi kwenye maziwa.

Kila tulipopita hapo Melkiori aligeuka kuniangalia.

"Fundi, hakuna kamwendo kengine?"

"Ndiyo hii yote, kapiteni."

"Tafuta. Tafuta, sha, kijana. Mi niko na watoto watano."

Nami nilikuwa naogopa kuliko yeye. Msiwadanganye watu kwamba ujana ni ushujaa. Nilikuwa nikifika hapo natania tu, ili mama Odetta asisikie meno yangu yakigongana.

Basi nikatafuta. Chini ya tundu la kunyonyea kuna vyuma vilivyopangwa kama meno ya kitana, tuliviita grili. Kazi yake ni kuzuia majani, matete, na takataka. Lakini vyuma vinabana maji pia. Nikawaza: nikitoa kimoja, nikaacha kimoja, tumbo litameza zaidi. Mzee Saidi angenikatalia, nilijua. Nikangoja Ijumaa alipokwenda msikitini, nikalala chali chini ya boti na msumeno wa chuma. Nikakata vyuma vinne. Nikalainisha vishina vyake kwa tupa, vizuri kabisa, kazi safi. Hicho ndicho kinachoniuma: ilikuwa kazi safi.

Safari iliyofuata Chura iliondoka kama iliyochomwa sindano. Tulipita kwenye vilima vile Melkiori akicheka kwa sauti, na tulipofika zahanati akanibusu kwenye paji la uso.

"Ulifanya nini?"

"Nilinoa noa kidogo, kapiteni."

Mama Odetta akasema, "Huyu mutoto atatufikisha mbinguni haraka." Wote tukacheka, na mimi nikacheka zaidi. Nilifurahi wiki mbili. Vijana, jihadharini na furaha ambayo huwezi kumweleza mwalimu wako.

Siku ninayotaka kuwaambia, tulikwenda zahanati kumchukua mwanamke mmoja aliyeitwa Spesi. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mtoto alikuwa amelala kwa kukingama. Pale zahanati hakukuwa na wa kumpasua. Hospitali ilikuwa mjini. Mama Odetta alimshika tumbo, kisha akamwambia Melkiori kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Kapiteni, huyu asikawie. Masaa mbili, apana zaidi."

Tukamlaza Spesi kwenye godoro sakafuni. Alikuwa msichana tu, pengine tulilingana umri. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa boti kwa mkono mmoja na kuangalia juu.

Tulikuwa tumefika mkabala na vilima, mwendo wote umefunguliwa, ndipo nikasikia mlio kama kitambaa kinachochanwa. Halafu mashine ikapiga ukelele mwembamba, inazunguka bila kazi, na Chura ikashusha tumbo. Melkiori akazima haraka kabla haijajiua.

Kimya.

Sijui niwaelezeje kimya kile. Mawimbi madogo yanapiga bati, pwa, pwa. Jua. Na mchana ule upepo ulikuwa ukitoka ziwani kwenda nchi kavu, kama kila mchana, kwa hiyo boti ikaanza kusogea pwani yenyewe, taratibu, kama inaitwa. Kwenye mchanga walisimama watu watatu. Mmoja alikuwa na kitu kirefu begani. Inaweza kuwa jembe. Hatukuwa na macho ya kutosha.

"Fundi," Melkiori akasema bila kugeuka.

Nikachomoa ufunguo, nikauweka kwenye meno, nikafungua nati nne. Nikaingiza mkono. Lilikuwa gunia la plastiki lililosukwa, lile ambalo wavuvi hujaza mchanga na kulifunga kamba liwe nanga. Wavuvi walikuwa wamekimbia, nanga zao zikaoza, mchanga ukamwagika, magunia yakaelea. Kamba ilikuwa imejizungusha kwenye mhimili, na nyuzi za gunia zimejisokota ndani ya nafasi ile ya kadi ya simu, zimekaza kama saruji. Gunia lile lisingepita kwenye grili nzima. Nililijua hilo mara tu nilipoligusa.

Nilikuwa na kisu cha mkate. Nikakata, nikavuta, nikakata. Uzi mmoja mmoja. Mama Odetta alikuwa anahesabu mapigo ya Spesi kwa mdomo. Melkiori alichukua mti mrefu tuliotumia kusukumia boti ufukweni, akajaribu kugusa chini. Maji yalikuwa bado marefu. Watu watatu hawakusogea. Nikakata. Kamba ikalegea. Donge kubwa likatoka mkononi mwangu.

Ndipo Spesi akasema, mara yake ya kwanza tangu tuondoke, "Fundi, tutafika?"

Mtu anakuuliza hivyo, wewe ungefanyaje? Moyo wangu ulimjibu kabla ya akili.

"Tutafika, mama," nikasema.

Na ufunguo ukaniponyoka menoni. Uligonga ukingo wa tundu, tin, ukaingia ndani ya pampu. Kama vyuma vyote vingekuwepo, kibao kile cha shaba kingekwama juu yavyo na ningekiokota. Nilipapasa. Nilifika kwenye pengo nililolikata mwenyewe, laini, limepigwa tupa vizuri, na chini yake maji ya ziwa yanapita.

"Ufunguo," Melkiori akanyoosha mkono.

"Imeanguka."

"Wapi?"

"Mu ziwa."

Alinitazama. Jasho lilikuwa linatiririka kwenye shingo yake. Nami nikashindwa kubaki na mzigo wa pili, nikautua nao: "Kapiteni, na ile grili mi nilikata. Vyuma vine. Ile mwendo ilitoka hapo."

Nilidhani atanipiga. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Hiyo utaniambia kesho. Leo uwashe."

Mama Odetta alisema neno ambalo sitaliandika.

Mashine ya Chura ilikuwa ya dizeli, iliyotolewa kwenye lori. Dizeli haihitaji ufunguo ili iungue. Inahitaji kuzungushwa na kupewa mafuta, basi. Ufunguo unaamrisha tu kuzima, na demareri, ile mota ndogo inayoizungusha mashine ianze. Hilo nilikuwa nimeliona Buyenzi mara mia, mafundi wakiwasha malori mabovu kwa bisibisi, lakini kuona mara mia na kufanya mwenyewe mara moja ni vitu viwili. Nikafunga kwanza kifuniko cha pampu. Kwenye nati ya pili nikakumbuka kisu cha mkate kimebaki ndani. Nikafungua tena, nikakitoa, nikafunga. Ningekiacha, kingevunja elisi, na hadithi hii ingekuwa ya mtu mwingine.

Pwani ilikuwa imekaribia kiasi kwamba niliona mmoja wa wale watu amevaa shati jekundu.

Nikaweka bisibisi juu ya misumari miwili ya umeme ya demareri. Cheche. Harufu ya nywele zangu zikiungua. Hakuna. Nikafuta mafuta kwa shati, nikabana tena kwa nguvu zangu zote. Demareri ikalia, mashine ikageuka mara moja, mara mbili, ikakohoa moshi, ikashika. Sijawahi kusikia muziki mzuri kama ule. Melkiori akageuza pua ya boti ziwani. Nyuzi zilizobaki ziliifanya pampu itetemeke kama mtu mwenye malaria, tukaenda nusu ya mwendo, migongo yetu ikiwaelekea wale watu, na ngozi ya mgongo wangu ikisubiri. Hakuna kilichotokea. Mpaka leo sijui kama walikuwa wakulima.

Bandarini ilinibidi nivute waya wa mafuta kwa mkono ili kuizima. Watu wanne wakambeba Spesi na godoro lake hadi kwenye gari. Alikuwa ameacha kushika kitu chochote. Mkono wake ulining'inia.

Siku tatu sikwenda hospitali kuuliza. Nilipita mbele ya geti mara mbili, nikaendelea kutembea. Nilimweleza mzee Saidi yote, nikitazama miguu yangu. Hakunitukana. Alikwenda nyuma, akarudi na fimbo nne za chuma, akaziweka mbele yangu.

"Chomelea," akasema. Halafu akaketi juu ya ndoo yake. "Na ile ya meno, mi ndiyo nilikosea. Mutu anaulizwa, lazima ajibu. Kuanzia leo ufunguo itafungwa na kamba mu shingo."

Ndiyo maana nawaona nyinyi na kamba shingoni. Sasa mnajua ilikotoka.

Siku ya nne nilikuwa chini ya boti nachomelea chuma cha tatu, nikaona viatu vyeupe vya mama Odetta.

"Toka huko. We ni mutu gani hauulizi?"

Nikatoka. Nilikuwa nimeshika kinyago cha kuchomelea mbele ya uso, sikutaka kukishusha.

"Naogopa, mama."

"Walimupasua. Mutoto yuko muzima, wa kike. Na mama yake wamemuwekea damu, anakula." Akanitazama nikiwa nimejificha nyuma ya kinyago kile. "Lia basi, hakuna mutu anaona."

Wiki tatu baadaye tulimrudisha Spesi kwao, kwa Chura ile ile, yenye grili nzima na mwendo wake wa zamani. Melkiori hakuwa amenidai mbio tena. Kabla Spesi hajapanda nilimsogelea pale bandarini, mtoto akiwa mgongoni mwake, nikamwambia kwamba boti haikusimama kwa bahati mbaya. Mimi ndiye niliyekata vyuma, ili tukimbie zaidi. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayemeza kwinini.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulikuwa unaogopa?" akaniuliza.

"Sana."

"Na mi," akasema. Halafu: "Leo itaenda namna gani?"

"Polepole, mama. Pale kwenye vilima tutakawia."

"Kukawia si kitu. Ile kimya ndiyo iliniogopesha."

Akapanda. Mama Odetta alikuwa amemtandikia godoro mbele, mahali pazuri penye kivuli, lakini alilipita. Alikuja nyuma, akaketi juu ya sanduku la mashine lenyewe, penye joto na kelele, akamzungusha mtoto mapajani na kuweka kiganja kimoja kwenye bati. Tulipofika kwenye vilima, mimi nilikuwa natazama majani ya pwani kama siku zote. Yeye hakutazama huko hata mara moja. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza mashine ikiunguruma chini yake, na mtoto, kwa ule mtetemo, alikuwa amelala.